Kirongozi wa Safari ya Siku Moja

Jirani yetu huyu hakuwahi kupita kona kama watu wengine. Akifika pembeni mwa nyumba, alisimama. Aliinua kidevu, akavuta pumzi kwa pua, akasikiliza, ndipo akapita. Upande wa pili hapakuwa na kitu ila punda wa maji, au mwanamke anayemwaga maji ya samaki, lakini yeye alitokeza pale kama mtu aliyenusurika na nyati. Watoto walimwigiza. Sisi wakubwa, tuliokuwa tukimchungulia madirishani, tulicheka chinichini, maana ukicheka kwa sauti angesimama akueleze habari za nyati mpaka adhuhuri.

Tulimwita Kirongozi. Jina la kupewa na wazazi alikuwa nalo, ila halikuwa na kazi mtaani kwetu. Kwa wale ambao hawakuikuta kazi hiyo, nitaieleza kidogo. Kabla ya reli, mali ya bara ilifika Mombasa mabegani mwa watu. Msafara ulikuwa mstari mrefu wa wapagazi, na mbele kabisa alitangulia mtu mmoja aliyejifunga kitambaa chekundu ili wa nyuma wamwone. Huyo ndiye kirongozi. Yeye huchagua njia, huchagua maji, husema hapa tulale na hapa tusilale. Akikosea, wanaoumia ni wote walio nyuma yake. Jirani yetu aliianza kazi akiwa mpagazi, na begani alibaki na nundu ngumu ya kubebea pembe za ndovu. Ukiitazama kwa huruma aliivutia kanzu juu yake, akakuuliza habari za kwenu.

Kusema, alisema sana. Barazani kwa muuza kahawa hakumwacha mtu amalize kisa. Mwenzake akianza, "Juzi nilipokuwa Malindi," yeye alidakia, "Malindi? Wacha nikwambie habari ya Taru." Na habari ya Taru, nyika ile ya bara, ilikuwa ileile: kwamba yeye humfikisha mtu karibu na ndovu hata azione kope za macho yake.

"Kope?" muuza kahawa alimwuliza kila siku, akigonganisha vikombe vyake. "Umezihesabu?"

"Sikuhesabu. Nilikuwa na adabu."

"Basi tuletee moja, tuione."

Watu waliangua kicheko, naye alikunywa kahawa yake kwa utulivu. Msemo ukashika mtaani. Mtu akileta neno lisiloaminika, aliambiwa, "Hizo ni kope za Kirongozi."

Kulikuwa na mengine ya kumchekea. Mtu huyu aliyetembea nyika bila njia alipotea Kibokoni, papa hapa mjini, mchana kweupe, akazunguka vichochoro hata mama mmoja akamfungulia dirisha na kumwelekeza. Alipoulizwa, hakuona haya. "Mji hauna upepo," alisema. "Kuta zenu zauvunja vipande. Mimi nitajuaje nilipo?" Tena aliogopa bahari. Watu walimwambia, kwa nini huendi milima ya Shimba penye wanyama, ni karibu, unavuka Likoni tu. Alijibu, "Sivuki maji nisiyoyaona chini yake," na mazungumzo yakaisha hapo.

Halafu majivu. Kiunoni alivaa kifuko cha ngozi, na asubuhi alipita milango ya jikoni akiomba majivu ya kuni, laini, yaliyochekechwa. Wako waliosema ni uchawi. Haukuwa uchawi. Alichota kidogo kwa vidole viwili, akayaachia hewani, akatazama yanakokwenda. Ndivyo alivyoujua upepo, na kwa upepo alijua nani atamsikia harufu yake kabla hajamfikia. "Nyinyi watu wa mji mwaanza na macho," aliniambia siku moja nikimjazia kifuko. "Huko wenyewe waanza na pua. Ukitaka kuwaona, kwanza ujue wewe wanuka nini."

Nilikuwa mwanamke mzima wakati huo, mjane niliyerudi nyumbani kwa Bibi, mama yake baba yangu. Ndiyo maana majivu ya nyumba yetu yalikuwa kazi yangu.

Reli ilipofika, misafara ilikufa, na viongozi wengi wa njia wakawa walinzi wa maghala. Yeye alikataa. Alikaa siku kadhaa bila kusema, jambo lililotutia wasiwasi, kisha akatangaza kazi mpya. Atawapeleka watu kuangalia wanyama: kwenda kwa gari la moshi la alfajiri, kurudi kwa gari la jioni. Hakuna bunduki. Kuangalia tu.

Baraza nzima ilimgeukia.

"Safari ya siku moja?" muuza kahawa alisema. "Hiyo si safari, bwana. Huko ni kwenda sokoni."

"Sokoni wewe waona nini?"

"Naona nyama, tena imekatwa tayari!"

Hata hivyo akapata watu, wageni wachache waliotaka kutazama. Walirudi wakisema wameona twiga na pundamilia, wamefurahi. Lakini hao walikuwa wageni, na maneno ya wageni barazani hayakuhesabiwa. Mtu wa mtaa hakwenda hata mmoja. Kope zikabaki mzaha.

Sasa nimweleze Bibi. Babu yangu alikuwa mfanyabiashara wa pembe, na tangu Bibi aolewe, pembe zililala chumba cha chini cha nyumba yetu zikingoja meli. Bibi alizipokea, akazifuta vumbi, akazifunika mikeka. Aliweza kuigusa pembe na kukwambia ya dume au ya jike. Mnyama mwenyewe hakumwona kamwe. Na sasa Babu alikuwa amekwisha kufa, na macho ya Bibi yalikuwa yanakwenda. La kushoto lilikuwa limefunga kabisa. La kulia lilikuwa na ukungu, na tabibu alisema halitafika mwaka mwingine.

Asubuhi moja Kirongozi alipokuja kuomba majivu, Bibi alimwita kutoka nyuma ya mlango.

"Kirongozi."

"Labeka, Mwana," aliitika, akitumia jina la heshima la mabibi wa mji.

"Zile kope ni za kweli?"

"Kweli kama nilivyosimama hapa."

"Basi nipeleke nikazione. Kabla mato hayajafunga," alisema, akigusa jicho lake la kulia.

Kirongozi aliomba ruhusa aingie uani, akaenda kusimama karibu na kisima. "Mwana waniona?"

"Naona mtu. Yaweza kuwa wewe, yaweza kuwa mtungi."

Akasogea hatua. "Na sasa?"

"Sasa mtungi una kofia."

Alizidi kusogea taratibu mpaka akafika kizingitini, ambapo Bibi alisema, "Hapo. Hapo nakuona mpaka hayo makovu ya kidevu." Kirongozi akageuka, akaupima kwa macho ule uwanja mdogo kutoka kizingitini hadi kisimani. Nilielewa alichokuwa anapima. Wageni wake waliwaona ndovu kutoka ng'ambo ya bonde, wakaridhika. Bibi alihitaji ndovu asimame mahali pa kisima, au karibu zaidi. Ukimweka mbali, ni sawa na kumwacha nyumbani.

"Nitakufikisha," alisema. Sauti haikuwa ile ya barazani.

Ami yangu, aliyekuwa na duka la nguo, alikuja mbio aliposikia. "Mama, watu watasema nini?"

"Watasema nimekwenda kumwona ndovu. Si uongo."

"Kwa umri huu?"

"Wataka ningoje nikue?"

Ami akaona afadhali afuatane nasi.

Kirongozi alitoa masharti yake. Kuanzia Ijumaa, nyumbani kwetu pasifukizwe udi. Hakuna asumini nyweleni, hakuna marashi ya halud, hakuna kikuba cha maua kifuani, hakuna maji ya mawardi. Kwa mtu wa Mombasa haya si mambo madogo. Mwanamke wetu hatoki bila kujifukiza, na kumwambia atoke hivihivi ni kama kumwambia atoke bila nguo. Bibi aliyakubali yote. Nilikaa karibu naye usiku wa kuamkia safari, nikasikia harufu yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, harufu ya mtu tu, ya joto, na nikampenda zaidi.

Bibi naye alikuwa na sharti moja: hatatembea mbele za wanaume ila ndani ya shiraa. Siku hizo wanawake wengi walikuwa wameshahamia kwenye buibui, lakini Bibi alikuwa wa zamani. Shiraa, kwa msioiona, ilikuwa pazia kubwa la kitambaa kizito lililoinuliwa kwa fito, na mwanamke akatembea ndani yake na watu wake kama aliye ndani ya hema linalokwenda. Mbele paliachwa mwanya wa kuonea njia. Kutembea nayo kulikuwa na ufundi. Hunyanyui mguu, unauburuza. Mkono unauweka kiunoni mwa aliye mbele yako, na wote mnasogea kwa pumzi moja, ama sivyo kitambaa kinapigapiga na mtaa mzima unajua kuwa mnapita wajinga.

Ya Bibi ilikuwa sandukuni. Niliitoa alfajiri ile, nikaikunja kikapuni, tukaenda stesheni kwa kigari chenye pazia ili Bibi asitembee.

Gari likavuka daraja la Makupa. Mji ulipobaki nyuma na joto kupanda, Kirongozi alianza kugeuza pua huku na huku. Akainama juu ya kikapu changu.

"Hii ni nini?"

"Shiraa ya Bibi."

"Ilikuwa wapi?"

"Sandukuni."

"Na nini sandukuni?"

Nilimgeukia Bibi. Bibi ndiye aliyejibu, polepole. "Na udi. Na karafuu, na asumini kavu. Tangu arusi yangu."

Tulikuwa tumeiangalia miili yetu peke yake. Nguo hakuna aliyeikumbuka, kwa sababu kwetu harufu ile ni harufu ya nguo safi, wala hatuihesabu kuwa ni kitu. Kitambaa kilikuwa kimeinywa miaka yote hiyo. Hata mimi, niliyeuacha udi kwa siku chache tu, sasa niliisikia ikijaza behewa.

Ami alipiga goti lake. "Nilisema mimi! Bila shiraa Mama hashuki, na kwa shiraa ndovu watakimbia mpaka Kilimanjaro. Turudi."

"Gari halirudi kwa ajili yako," Kirongozi alisema. "Tushuke kwanza."

Tulishuka kituo kidogo katika nyika ya Taru. Wanaume wawili wa Kiduruma waliozoea kufanya kazi naye walikuwa wakingoja na machela, kitanda cha kubebea mtu, yenye mapazia, wakambeba Bibi. Hatukwenda mbali. Alitupeleka kwenye ngurunga, yaani mashimo ya miamba yanayoshika maji ya mvua, mahali misafara ilipokuwa ikijaza vibuyu zamani. Njiani tuliwaona twiga wakitutazama kwa dharau juu ya miiba, na kundi la pundamilia, na nguruwe pori aliyekimbia mkia wima. Nilimweleza Bibi kila kimoja. "Naona kijivu," alijibu. "Endelea."

Kando ya ngurunga palikuwa na mavi ya ndovu, mabichi, na tope la pale walipogaagaa jana yake. Kirongozi alipiga magoti mbele ya machela.

"Mwana, nataka ruhusa. Harufu hii haifukuziki. Lakini yaweza kufunikwa."

Bibi alielewa kabla ya sisi wote. "Kwa hayo ninayoyasikia puani?"

"Kwa hayo."

"Mama!" Ami alisema. "Nguo ya arusi yako!"

"Itatoka?" Bibi aliuliza.

"Haitatoka," Kirongozi alisema.

Bibi akapapasa pindo la shiraa. Kisha akasema, "Basi paka sawasawa. Pasibaki mahali."

Tukapaka. Mimi, Ami mwenye duka la nguo, na Kirongozi, kwa mikono mitupu, mavi na tope, kutoka pindo hadi pindo. Ami alikuwa akisoma dua kwa kunong'ona, sijui ya kuomba msamaha au ya kujikinga. Tulipomaliza, shiraa ile ilikuwa kama kichuguu. Tukaisimamisha kati ya vichaka karibu na maji, upepo ukitujia usoni. Ami alishika ufito wa mbele, mimi wa nyuma, Bibi katikati, jicho lake la kulia kwenye mwanya. Wale Waduruma walikaa mbali. Kirongozi alichutama nje, nyuma ya kitambaa, na kifuko chake cha majivu.

"Huko mbele msimtaje jina," alituambia. "Mwiteni Mwenyewe."

Jua lilikuwa limepita utosini niliposikia sauti yake, chini kabisa: "Mwenyewe yuaja."

Hawakutoa kishindo, na hilo ndilo lililonishangaza. Majike na watoto wao walitokea kichakani kama moshi, mbele yao jike kubwa jekundu kwa vumbi la Taru. Walikwenda kunywa upande wa pili wa maji. Niliwaona vizuri sana. Nikaukamata mkono wa Bibi, naye akatikisa kichwa. Haoni. Kwake kulikuwa na kijivu kinachosogea tu. Walikuwa mbali mara mbili ya kisima chetu.

Mara Kirongozi akagusa kitambaa. Majivu yalikuwa yamegeuka. Upepo ulikuwa unazunguka, na muda si mrefu ungechukua harufu yetu na kuwapelekea. Alituonyesha kwa mkono: sogeeni kulia, mpaka nyuma ya mwamba ule.

Ami akanyanyua mguu. Kitambaa kikapiga. Jike kubwa likainua kichwa na masikio yakafunguka pande zote mbili. Nilisikia moyo wa Ami, au wangu.

Hapo Bibi akamshika Ami kiuno. Mkono wake mwingine akaurudisha nyuma, akauvuta wangu na kuuweka kiunoni mwake. Akamfinya Ami mara moja, akaburuza mguu. Tukaburuza. Akamfinya tena. Tukaburuza tena. Mwanamke yule aliyepita vichochoro vya Mombasa ujana wake wote bila kitambaa kutikisika alituongoza nyikani kwa pumzi moja, na shiraa ikatambaa kama kivuli cha wingu. Kirongozi alitufuata nyuma kwa magoti, akiachia majivu yake. Tulipofika kwenye mwamba, upepo ulikuwa tena usoni petu.

Na Mwenyewe alikuja kutazama ni kichuguu gani kile kilichohama.

Alikuja polepole, akasimama. Kutoka kizingitini hadi kisimani, au pungufu. Aliunyoosha mkonga kuelekea kitambaa, akavuta harufu, akasikia nduguze. Pembe zake zilikuwa za njano, moja imelika ncha. Nilimtazama Bibi. Jicho lake lilikuwa wazi kabisa bila kupepesa, na machozi yakishuka. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu bila sauti. Sijui muda gani ulipita. Yule jike akapuliza vumbi, akageuka, akawachukua watu wake wakaondoka.

Kirongozi alikuja mbele. Bibi alishusha pumzi.

"Miaka yote napokea meno," alisema. "Leo nimemwona mwenye meno."

"Na kope, Mwana?"

"Kope!" Bibi akaanza kucheka, akacheka hata Ami naye akaangua kicheko, akiwa amepakaa mavi mpaka kofiani. "Zipo, wallahi. Zipo!"

Tulirudi na gari la jioni, peke yetu behewani, kwa sababu kila aliyeingia alitoka. Kutoka stesheni tuliingia mtaani ndani ya shiraa ileile. Baraza ilikuwa imejaa. Muuza kahawa akaweka dele lake la kahawa chini.

"Salaam aleikum. Nini hiyo inukayo?"

"Aleikum salaam," Bibi alijibu kutoka ndani, kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia. "Ni ndovu. Na kope nimeziona."

Vikombe vikawekwa chini. Kisha mtu mmoja akasimama, na wa pili, na baraza nzima ikasimama kama bwana arusi amepita. Walimzunguka Kirongozi, "Tueleze! Haya, tueleze!" Nilidhani sasa hatutalala. Lakini yeye aliketi mahali pake, akapokea kahawa ambayo muuzaji hakumtoza, akasema, "Mwulizeni Mwana. Yeye ndiye aliyetangulia mbele." Tangu siku ile hakuna aliyetaja kope zake kwa mzaha, na wa kwanza kuomba kupelekwa alikuwa muuza kahawa mwenyewe.

Shiraa hatukuifua. Bibi alikataa.

Macho yake yalifunga kama tabibu alivyosema. Hakulalamika. Miaka ilipita, na Kirongozi akaacha safari, miguu ikiwa imevimba. Mara ya mwisho alipokuja kwetu nilimwona kutoka dirishani. Alifika kwenye kona, akasimama, akainua kidevu, akasikiliza, ndipo akapita. Sikucheka.

Hakuja kwa majivu. Aliketi uani karibu na kisima, akazungukazunguka na salamu, habari za mvua, habari za Ami. Kisha akasema, "Mwana, nataka kukuuliza kitu."

"Uliza."

"Kope zake zikoje?"

Bibi aligeuza uso. "Wewe ndiwe uliyezisema."

"Nilizisema. Wapagazi wa zamani walinihadithia, nami nikahadithia. Lakini mimi sijaziona hata siku moja. Kila akija karibu, mimi natazama majivu. Nikiyaacha majivu nimtazame yeye, walio nyuma yangu watakufa. Hata siku yako nilikuwa nyuma ya kitambaa." Alitazama mikono yake. "Nimewafikisha watu wengi. Sasa nataka nifike."

Bibi alimwelekezea sikio. "Umekaa wapi?"

"Hapa kisimani."

"Njoo hapa kizingitini. Huyu haonekani kwa mbali."

Kirongozi alijikongoja, akaja akaketi miguuni pake, akafumba macho. Bibi akaanza kumweleza: kwamba zilikuwa ndefu, ndefu kuliko za mtoto mchanga, zimenyooka, zimeshika vumbi jekundu; kwamba zilishuka polepole juu ya jicho la rangi ya asali, na zilipoinuka, vumbi lilidondoka. Alieleza mpaka mwisho, na Kirongozi hakumkatiza neno hata moja.